Nunua moto kwanza, mchezo baadaye

Maneno ya mama mmoja mwanachama, muuza samaki ku soko ya Kasongo, mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika sawa alivyosema. Tumepunguza tu pale vijana walipomkatiza.

Wazee wetu, mama wenzangu, vijana, ndugu mliotoka Kabambare mkalala njiani ili mfike hapa, na ninyi rafiki zetu wa mbali mtakaosoma haya katika gazeti letu: nawasalimia wote. Komite imeniomba niseme juu ya chumba changu cha michezo. Wamenipa dakika ishirini. Nitajaribu.

Sababu mnaijua. Kuko maombi manne ya mkopo ku meza ya komite, wawili wa hapa Kasongo, mmoja wa Kabambare, mmoja wa Salamabila, na wote wanataka kitu kimoja: mashini ya kuchezea mpira ku tele. Kuko wazee waliosema mutualite haikuanzishwa ili kununua mpira wa uongo. Mimi pia niliwahi kusema hivyo, nikiwa nimesimama pale karibu na mlango, na wengine mlinipigia makofi. Kwa hiyo wazee wangu wasifikiri nakuja kuwacheka.

Mimi si mtu wa michezo. Niliporudi kutoka Nyarugusu nilikuja na mtoto wa yaya wangu. Alizaliwa kule ku kambi. Hakujua jembe la hapa, hakujua mtu wa hapa, hata njia ya kwenda Lualaba aliuliza. Kule alijifunza kufungua redio na simu, njo kazi aliyojua. Hapa alikaa tu barazani. Hakuwa mkorofi, alikuwa kimya, na ukimya ule ulinisumbua kuliko ukorofi. Kisha rafiki zake wakaanza kwenda ku mashimo ya dhahabu, upande wa Salamabila, mmoja mmoja, na siku moja nikaona ameosha begi lake na kulianika. Hakuniambia kitu. Nilijua.

Nilitaka abaki. Njo sababu yote, sina nyingine. Nikamuuliza ungefanya nini ungebaki, akajibu: "Mama mudogo, ningefungua chumba cha Play." Mimi sikujua hata Play ni kitu gani.

Sasa nianze na makosa, juu makosa njo yaliyonigharimu.

Kosa la kwanza lilikuwa kale kaboksi. Mmekaona ku soko: kadogo, sawa kiberiti kikubwa, na maneti mbili zisizo na waya, na ku karatasi kumeandikwa michezo elfu kumi. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii hauwezi kuimaliza hata ukizeeka." Nililipa dola 35. Tufike nyumbani: kale kaboksi kanaomba tele yenye tundu la HDMI, na tele niliyokuwa nimeazima ilikuwa ya zamani, ya mgongo, yenye matundu matatu tu, njano, nyeupe na nyekundu. Tukatafuta tele nyingine. Tukawasha. Michezo elfu kumi ilikuwapo, lakini mchezo mmoja ulirudiwa mara nne, mara tano, majina yamebadilishwa. Mingi ni ya zamani kabisa, ile ya kaseti iliyotoka Japani kuanzia mwaka 1983. Mpira mzuri ambao vijana wanautaka haukuwamo. Na maneti zinakula mawe ya betri kila siku mbili.

Kijana wangu alinieleza kaboksi kale ni kitu gani. Ni kompyuta ndogo inayoiga mashini za zamani. Ndani kuko kadi ya kumbukumbu, ndogo sawa ukucha, na michezo yote iko juu ya kadi ile. Kadi yenyewe ni ya bei ya chini kabisa. Ukizima moto ghafula wakati inaandika, inaharibika. Na kwetu moto unazimika namna gani kama si ghafula? Kaboksi kalikaa posho tatu, kadi ikafa, kukabaki picha ya bluu. Kama tayari umekanunua, fanya jambo moja leo hii: peleka kadi kwa mtu mwenye kompyuta, akutolee nakala yake nzima ku kadi nyingine nzuri. Ile ya kwanza ikifa, unaingiza ya pili. Kwa watoto wa nyumbani kanafaa. Kwa kazi, apana.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na nawaomba wale vijana wanne wanisikilize hapa. Nilinunua mchezo kabla ya moto. Tele iko, mashini iko, watoto wako mlangoni, na mimi nategemea batiri ya gari niliyouziwa dola 40. Batiri ya gari inatengenezwa kwa kuwasha injini: inatoa nguvu nyingi dakika moja, halafu injini inaijaza tena. Ukiikalisha saa nne ikilisha tele, unaiua. Yangu ilikufa kabla ya mwezi kwisha. Jumla dola 75 zimekwenda, pesa yangu ya samaki, na kijana ameanza tena kuangalia begi.

Hapo njo nilikuja hapa mbele yenu kuomba mkopo, mimi niliyesema ile maneno karibu na mlango. Mlinipa dola 250. Niliongeza 120 zangu.

Kwa ile 370 tulinunua hivi, na risiti komite inazo. Batiri ya jua ya volti 12, ampea 100, dola 120. Pano ya wati 120, dola 70. Regulatere, 10. Konvertisa ndogo ya wati 300, dola 25. Tele bapa ya inchi 19, dola 70. Play 2 iliyotumika, na maneti mbili za waya, dola 65. Nyuzi, fyuzi na prizi, 10. Mnaona wenyewe: moto umekula zaidi ya nusu. Kijana akija kwenu na karatasi ambayo mashini na tele vimekula pesa yote, mrudishieni karatasi.

Na msiamini maandishi. Mimi ni muuza samaki, kila mtu aliyewahi kuninunulia anajua siamini kitu kisichopanda ku mizani. Batiri ya risasi ya volti 12 na ampea 100 za kweli inakaribia kilo 30. Nilibeba mizani yangu mpaka dukani. Muuzaji akacheka. Batiri ya kwanza, imeandikwa 100, kilo 14. Nikamwambia, "Baba, hii imefunga Ramadhani." Ya pili kilo 19. Ya tatu kilo 28, nikachukua ile. Siku hizi kuko batiri za lithiamu, zile ni nyepesi kweli, mizani haisaidii kwazo, na bei yake iko juu. Lakini kwa zile za risasi, mizani haidanganyi. Pano nayo unaipima kwa mkono: ile ya wati 100 inakaribia urefu wa mita moja na upana wa nusu mita na zaidi. Wakikuonyesha pano sawa sinia ya chai, imeandikwa wati 200, wanakuuzia wino.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tele inakula kama wati 30. Play 2 nyembamba kama 30. Konvertisa inakula yake, tuseme 10. Jumla 70. Ukicheza saa tatu, ni 210. Pano yangu ya 120, jua likiwa zuri, inaniletea kama 400 kwa siku, juu kuko inayopotea njiani. Kwa hiyo kunabaki karibu 190, na ile nachajia simu, kama 12 hivi. Batiri ya volti 12 mara ampea 100 inabeba 1200, lakini usiiteremshe chini ya nusu. Ukiimaliza yote kila usiku, itakufa sawa ile ya gari, inachelewa tu.

Kuifunga: kwanza batiri ku regulatere, halafu pano. Kutoa: kwanza pano, halafu batiri. Ukigeuza utaratibu huo unaweza kuiunguza regulatere. Fyuzi iwe karibu na batiri. Na pano hapa kwetu hailazwi sana upande wowote, juu jua linapita karibu utosini. Inamisheni kidogo tu kuelekea kaskazini, ili mvua iteremshe vumbi.

Sasa mashini. Juu ya nini Play 2, kitu cha zamani hivi? Nilimuuliza kijana swali lile. Ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kwa hiyo vipande vyake viko kila mahali na kila fundi ameshaifungua. Haiombi intaneti. Ukizima moto ghafula mchezo unapotea, lakini mashini kwa kawaida haifi. Mpira uliendelea kutoka kwa ajili yake mpaka mwaka 2013, FIFA 14 na PES 2014, halafu basi. Hizi mashini mpya zinataka kupakua vitu vizito kila mara. Kwa mtandao wetu wa hapa? Utazeeka ukiangalia mstari.

Sony iliacha kuzitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni mpya kabisa, hata kama karatasi ya nailoni iko juu yake, imefunguliwa na kusafishwa. Si vibaya, lakini usilipe bei ya mpya. Kabla ya kutoa makuta, iwashe palepale ku duka. Leta disiki yako mwenyewe, moja ya bluu na moja ya fedha kama unazo, juu jicho la mashini linaweza kusoma aina moja na kushindwa ingine. Cheza dakika ishirini, si tatu. Mashini iliyochoka inaonyesha uchovu ikipata joto. Toa disiki uiangalie: kama kuko mkwaruzo mpya wa mviringo, jicho linagusa disiki, iache. Bonyeza kila kifungo cha maneti. Na uulize kadi ya kumbukumbu, ile ndogo ya megabaiti 8, bila ile watoto wataanza upya kila siku na watakuchukia.

Zile nyembamba nyingi zina transfoma yake nje. Hapa kuko jambo linaloua mashini nyingi. Vijana wanaona batiri ni volti 12, wanasema, juu ya nini konvertisa, tufunge moja kwa moja. Ile mashini inaomba volti 8 na nusu. Ukiipa 12 inaungua, na fundi hana dawa. Kama unataka kuepuka konvertisa, kuko kifaa kidogo cha kushusha volti, lakini afunge mtu anayejua na aliye na mita ya kupimia.

Vumbi letu jekundu mnalijua. Mashini isikae chini. Sisi tumeitengenezea kabati kadogo ka ubao, wazi nyuma, ili ipumue. Ikiwaka usiifunike na kitambaa, hata kitambaa kizuri cha harusi, ikizimwa, ifunike. Jicho likishindwa kusoma, pamba kavu kwanza, taratibu. Fundi wengine wanaweka kadi maalumu ili mashini isome michezo toka ku flashi bila disiki. Inafanya kazi, ila flashi ku Play 2 inasoma polepole na zile filamu za mwanzo zinakatikakatika. Tena niseme wazi, juu wafadhili wanasoma: disiki nyingi za soko ni za kunakiliwa, kila mtu anajua. Pesa ya mutualite isinunue zile. Tunaomba disiki halali zilizotumika, kule kwenu ziko ku maduka ya vitu vya zamani kwa bei ndogo.

Na kwa kuwa nimewataja. Wengine mmeandika kuuliza mtume nini. Ukiwa Ubelgiji ama Ufaransa, mashini ya kwenu inapatana na umeme wa 220 na disiki za Ulaya, tuma. Ukiwa Kanada ama Marekani, tafadhali geuza mashini usome kibandiko cha nyuma ama cha transfoma. Kikisema 100 mpaka 240, hakuna shida. Kikisema 120 peke yake, ikiingia ku konvertisa yetu itatoa moshi. Na disiki za Ulaya haziingii ku mashini ya Marekani, ina ufunguo wake, kwa hiyo mashini na disiki zitoke upande mmoja. Toa disiki ndani kabla ya kufunga, juu njia ya pikipiki itaifanya kengele. Wengine mnataka kututumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Ni kitu kizuri, kinakula moto kidogo, na mwalimu anaweza kufundishia. Lakini ni ndugu wa kale kaboksi: ukikata moto bila kuizima vizuri, kadi inaweza kuharibika. Tumeni pamoja na chaja yake yenyewe na kadi mbili. Tele za mgongo msitume. Zinafika vipande.

Nimesema sana juu ya waya. Niseme juu ya watu.

Mchezo si njo unaolipa mkopo. Mechi ni dakika kumi, faranga 300, anayeshindwa njo analipa. Kwa saa tatu, viti vikijaa, ni kama 5400. Simu 12 kwa faranga 500 ni 6000. Mtu anakuja kuchajia simu, anangoja, anaona mpira, anacheza. Vile viwili vinabebana. Siku ya mawingu nachagua simu, na watoto wananuna. Kwa hiyo yule ndugu wa Salamabila, kama pale anapotaka kufungua kuko tayari watu watano wanaochaji simu, hesabu yangu haimfai, aangalie yake.

Mwezi wa nne nilifunga posho mbili. Nilikuta vijana wakubwa wanacheza kwa kamari, pesa iko chini ya kiti, na mtoto mmoja wa masomo amepoteza minervali aliyopewa na baba yake. Baba yule alikuja kwangu. Hakupiga kelele, alikaa tu akaniangalia. Nililipa nusu, na nusu ililipwa na wale walioshinda, nilihakikisha. Toka pale kuko sheria ku mlango: asubuhi ya masomo hakuna mwanafunzi, pesa haiwekwi chini, adhana ikilia tunazima, siku ya mungu tunaanza baada ya ibada, na mchana wa posho ni wa wasichana peke yao. Ile ya wasichana ilipingwa na vijana. Sasa wanakuja kuchungulia dirishani juu kuko msichana mmoja wa kartie yetu asiyefungwa.

Pia nenda mwenyewe ku ofisi ya komini uulize karatasi gani inatakiwa, kabla hujafungua. Ukingoja waje, watakuja watu wa namna mbalimbali, na kila mmoja na karatasi yake.

Kijana wangu yuko. Anatengeneza maneti za chumba chetu na redio za kartie, na maneti mbovu za watu wa Samba zinamfikia. Ameingia ndani ya mchezo ule wa PES, kuko sehemu ya kubadilisha majina, akaandika timu nzima ya Maniema Union, mchezaji kwa mchezaji, na jezi. Usiku ule hakulala. Wazee wawili waliopinga mkopo wangu wamekuja kuitazama. Sitawataja, wanajijua, na mmoja alirudi kesho yake.

Begi bado liko. Siwaambii halipo. Bei ya dhahabu ikipanda anakuwa kimya tena siku mbili, tatu, na mimi naacha mlango wa chumba wazi nikiwa nalala.

Juu ya yale maombi manne, mawazo yangu ni haya, komite itaamua. Wale wawili wa Kasongo wako kartie moja, nyumba ya tatu toka mmoja mpaka mwingine. Wapewe mkopo mmoja, wafanye pamoja, la sivyo wataumizana bei. Wa Kabambare apewe moto tu kwanza: batiri, pano, regulatere. Achaji simu miezi mitatu, aonyeshe buku lake, halafu apewe mashini. Wa Salamabila aje akae kwetu posho mbili ajifunze kufungua na kusafisha, juu kule akipata shida peke yake itakuwa shida ndefu. Chakula ni juu yangu, kulala atalala na kijana.

Deni langu: nimelipa dola 20 kila mwezi, miezi tisa, 180. Kumebaki 70. Pano ya pili nimeinunua kwa faida, haimo ndani ya mkopo. Buku liko hapa, anayetaka kuangalia aje, ila ukurasa wa samaki msisome.

Mizani nitaazimisha kwa yeyote anayekwenda kununua batiri. Si Jumatano wala Jumamosi, siku zile niko ku soko nayo.